Saa za Usiku

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali pamoja mpaka mahindi niliyopanda mwenyewe yakomae. Nimeponda mawe ya dhahabu Kerende, nimeswaga ng'ombe wa watu kwenda mnadani, nimebeba magunia mpakani Sirari. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Serengeti: kufukuza wanyama kwenye uwanja wa ndege.

Uwanja wenyewe ni njia ya changarawe katikati ya nyasi. Kabla ndege haijatua, lazima mtu apite na pikipiki kuondoa swala na pundamilia. Wanapapenda pale, maana nyasi ni fupi na simba anaonekana kwa mbali. Swala wakisikia honi huondoka. Pundamilia ni wabishi. Asubuhi moja, nikiandaa njia kwa ajili ya ndege iliyokuwa inakuja, kundi zima liligoma, nikaanza kuwatukana kwa Kikurya, matusi ya machungani kabisa. Nilisahau kwamba ndege nyingine ilikuwa imeshatua, na rubani wake amekaa kwenye kivuli cha bawa anakula kiazi kitamu.

"Wewe," sauti ya kike iliniita kwa Kikurya hichohicho, "mama wa huyo pundamilia amekukosea nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe alikuwa wa kwetu Itiryo, binti wa mzee mmoja mfugaji ambaye nyumba yake iko juu kidogo ya kisima tulichokuwa tukichota maji. Nilikuwa nimesikia kwamba mzee yule ana binti anayerusha ndege, lakini nilidhani ni maneno ya kunogesha pombe. Sasa alikuwa mbele yangu, shati jeupe, maganda ya kiazi mkononi.

Tangu siku hiyo, kila alipotua nilimfuata na maswali. Kwa nini bawa limepinda hivi? Hiki kinachozunguka kinasukuma au kinavuta? Mafuta yakiganda? Walimu wangu wa zamani walichoka nami mapema. Yeye hakuchoka. Alichukua kijiti, akachora mchangani, na nisipoelewa alifuta akachora upya. Kitu asichokijua alisema hakijui, na safari iliyofuata alikuja na jibu.

Siku moja aliniambia anaondoka.

"Unaacha hii?" Nilimwonyesha ndege, mbuga, watalii wanaompigia makofi akitua. "Unaenda wapi?"

"Kubeba mizigo. Nairobi mpaka Kigali, usiku."

Nilidhani amefukuzwa. Akacheka, akachukua kijiti chake. Pale Serengeti, alisema, hakuna taa uwanjani. Jua likizama, hakuna kuruka. Rubani anaweza kuzeeka akitua kwenye changarawe ile bila kuijua anga ya usiku. Na anayetaka kuwa kepteni wa ndege kubwa lazima aonyeshe kwamba ameruka usiku, muda mwingi, kwa ndege ya injini mbili, akiongozwa na vyombo tu bila kuona nje. Ndege za abiria hazimpi mtu nafasi hiyo akiwa bado mchanga. Za mizigo zinampa. Ni ndege za zamani, viti vimechanika, harufu ya samaki haitoki. Baadhi ya wenzake walimwonea huruma, kama mtu aliyehamishwa kutoka sebuleni kwenda jikoni.

"Jikoni ndiko wanakojifunza kupika," alisema.

Jambo moja tu lilimzuia. Kazi ilikuwa inamngoja, lakini hakutaka kuianza bila baraka ya baba yake. Alikuwa amejaribu kumweleza kwa simu, mtandao ukakatika, na mzee akaishia kusikia kwamba binti ameacha kazi nzuri.

"Nikipanda huku tata amekunja uso," alisema, akimtaja baba yake kwa Kikurya, "kila ndege ikitikisika nitajua ni yeye. Siendi. Wewe si unaenda nyumbani wiki hii? Una mdomo. Mweleze kwamba natafuta masaa ya usiku. Akikubali, naenda. Akikataa, nabaki na pundamilia wako."

Nilikwenda Itiryo nikiwa na fahari ya mjumbe. Nilimkuta mzee akipukuchua mahindi uani, pamoja na jirani yake mwenye mashine ya kusaga, mtu ambaye hakosi neno. Nikatoa shikamoo, nikaletewa kigoda, nikaanza. Nilizungumza Kikurya, lakini yale mambo ya urubani nilitaka kuyasema kwa Kiswahili sanifu, kile cha redioni. Mtangazaji mmoja alikuwa amesisitiza juzi tu kwamba hakuna "masaa," tuseme "saa." Basi nikasema, kwa sauti ya kujiamini:

"Tata, binti yako ameniagiza nikwambie anataka kwenda Nairobi kutafuta saa za usiku."

Mzee aliacha kupukuchua. "Saa za usiku? Zile zinazowaka gizani?"

"Mura, kijana wewe," jirani alidakia, "kwani Sirari zimeisha? Pale stendi wanazitembeza mpaka kwenye madirisha ya magari. Mtoto asomeshwe urubani halafu aende Nairobi kununua saa?"

Nilieleza kwamba si saa za mkononi, ni muda, muda wa kurusha ndege usiku. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Jirani alimtazama mzee, mzee akatazama chini.

"Anaruka usiku," jirani alisema polepole. "Peke yake?"

"Wawili. Yeye na kepteni."

"Wanaruka wawili usiku, wanavuka mpaka, asubuhi wako nyumbani." Alitikisa kichwa. "Kwetu watu wa namna hiyo tuna jina lao, na si rubani."

Alisema kwa utani, lakini kuna utani ambao ukishatoka mdomoni unatembea wenyewe. Kufika jioni nilisalimiwa njiani na mama mmoja aliyeniuliza kama ni kweli binti wa mzee anaruka usiku, na kama huwa anatumia ungo au ndege hasa. Mzee hakucheka. Aliniambia tu: "Mwambie abaki kwenye ndege ya mchana. Jina la mtoto wangu halitaliwa na watu."

Nilimpigia simu. Kuhusu saa za kuwaka gizani alicheka mpaka akakohoa. Kuhusu maneno ya baba yake alisema tu, "Nakuja."

Alishuka kwenye bodaboda siku ya Jumapili, watu wakiwa wanatoka kanisani, bila sare, kitenge kiunoni. Alimsalimia baba yake, akamsalimia jirani ambaye bila shaka alikuwapo, akakaa chini akavuta hindi na kuanza kupukuchua nao. Niliyemjua mimi angechukua kijiti. Hapa hakuchora kitu. Alingoja aulizwe.

"Huko usiku utaona nini?" mzee aliuliza hatimaye.

"Nje sitaona, tata. Nitasoma. Mbele yangu kutakuwa na saa nyingi, moja inasema niko juu kiasi gani, moja inasema nimeelekea wapi, moja inasema kama nimelala upande. Mwili unadanganya gizani. Unaweza kuhisi umekaa sawa, kumbe unaanguka. Kwa hiyo tunafundishwa kuukatalia mwili na kuamini zile saa."

"Na utabeba nini?"

"Dawa za hospitali. Vipuri. Na vifaranga wa siku moja, maboksi kwa maboksi."

"Mchawi anabeba kuku wazima," jirani alisema, "vifaranga hawatoshi mboga."

"Ndiyo maana ujue mimi si mmoja wao, baba mdogo," alimjibu bila kuinua macho. "Mchawi gani anafanya kazi usiku kucha halafu anapeleka vifaranga wote salama kwa mwenyewe?"

Mama yake alicheka kwanza, kutoka jikoni. Kisha jirani mwenyewe. Mzee alibaki kwenye neno lingine.

"Vifaranga kwa nini usiku?"

"Mchana joto linawaua, tata. Ndege ikikaa juani uwanjani, humo ndani ni kama chungu."

Mzee alichukua hindi jingine. Huyu alikuwa mtu aliyepitisha ng'ombe wengi kwenye nyika akiwapeleka mnadani, na kila mtu Itiryo anajua kwamba ng'ombe huswagwa kukiwa na ubaridi. Aliendelea kupukuchua, punje zikianguka kwenye sinia, na niliona amelibeba lile jibu na anaenda nalo mahali.

Kesho yake mzee aliondoka bila kumuaga mtu. Binti alifunga begi lake akalifungua, akalifunga tena. Mama yake alimwambia akae ale. Mimi nilizunguka zunguka uani kama mbwa aliyesikia kitu. Jua lilikuwa limeanza kulegea mzee alipotokea kwenye kona ya migomba, vumbi la Sirari kwenye viatu, akamwita binti yake.

Alitoa mfukoni saa. Ilikuwa kubwa, ya plastiki nyeusi, ya kiume. Alimvalisha mwenyewe, akakaza mkanda hadi tundu la mwisho, kisha akaifunika kwa kiganja ili kuwe na giza, akachungulia kati ya vidole kuhakikisha inawaka.

"Umesema unatafuta saa za usiku," alisema. "Ya kwanza nimekupa mimi. Hizo nyingine tafuta."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ameelewa au hajaelewa. Nimemuuliza mara kadhaa, huwa ananitazama kama vile mimi ndiye niliyeacha shule.

Binti alikwenda Nairobi. Ameniambia kwa simu mambo ambayo sijachoka kuyasikia: kwamba vifaranga hulia njia nzima, na ndege ikiingia mawinguni ghafla hunyamaza wote. Kwamba ziwa, wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao, hufanana na mji mkubwa usio na barabara. Kwamba wanapopita juu yetu, huona mwanga wa mgodi wa Nyamongo, na baada ya hapo giza, na giza hilo ndilo Itiryo. Hapo huitazama ile saa mkononi.

Na mzee, kila nikipita kwake kutoka popote nilikokuwa, hanisalimii kwanza.

"Saa ngapi sasa?" ananiuliza.

Namwambia saa za usiku ambazo binti yake ameshazifikisha, na zinazobaki mpaka ukepteni. Majuzi jirani alikuwapo, akatoa simu mfukoni, akasoma: "Saa kumi na nusu, mzee mwenzangu."

"Wewe nyamaza," mzee akamwambia. "Hujaulizwa."