Jina Lako Likiitwa Siku ya Kosa

Kuna siku moja, mwanangu, nimejaribu kuisahau miaka kumi sasa, nayo haikubali. Juzi ilirudi tena nikiwa nimeinama juu ya beseni la nguo, pale uliposimama mlangoni kwangu hapa mtaani Mbunya, Bunia, unacheka, karatasi ya kuingia jeshini iko mkononi. Nilikuuliza, "Trésor, unajua unaenda kufanya nini kule?" Ukanijibu, "Mama mudogo, weye unaogopa nini? Mutu wa tenue, nani atamuuliza?"

Nilikamua nguo ya mtoto mpaka ikataka kupasuka, na wewe ukaondoka ukifikiri nimekubali. Sikukubali. Nilikasirika, na hasira ile ndiyo inaandika haya, mtoto mgongoni, maharagwe motoni, ninasimama kila mara kuyachungulia. Mvi sina. Kutoa nasaha ni kazi ya wazee, lakini wazee wetu wamechoka kusema, ama walisema na hakuna aliyesikia. Wewe ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu. Na mwingine yeyote aliyepeleka jina lake kwenye ile orodha ya jeshi, asome pia. Naye ni mwanangu.

Unajua nilivaa tenue, hii sare ya jeshi, kabla ya kuolewa. Picha iko ukutani, umeiona tangu utoto. Lakini picha haisemi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Walitupanga kwenye poste ndogo ya barabarani, mbele kidogo ya Iga Barrière: vibanda vya mabati, kizuizi cha mti, na pipa lililojaa mchanga. Lile pipa halikuwa pambo. Mlinzi anayetoka zamu anaelekeza mdomo wa bunduki mle mchangani. Kwanza anatoa sharjeri, kile kikasha cha risasi. Halafu anavuta mara mbili chuma kinachoingiza na kutoa risasi, anachungulia ndani kama hakuna kitu, ndipo anabonyeza. Anayekuja kumpokea anasimama pembeni, anatazama kwa macho yake mwenyewe, anasema kwa sauti, "Iko wazi." Bila neno hilo hakuna anayeondoka. Ni kitu cha dakika moja. Mtoto wa shule angeweza.

Siku ile mwenzangu wa kunipokea alikuwa bado anafunga viatu kibandani, na mimi nilikuwa na haraka. Réseau ya simu ilipatikana juu ya kichuguu nyuma ya poste, na saa kumi mpenzi wangu angepiga. Usicheke, ndiye huyu huyu baba ya watoto. Basi sikungoja mtu; nilisimama kando ya pipa, lakini bunduki sikuielekeza mle. Nilivuta chuma kwanza, halafu ndipo nikatoa sharjeri. Umeelewa? Risasi moja ilikuwa imeshaingia ndani. Nikabonyeza, mdomo wa bunduki ukitazama barabara.

Risasi moja, mwanangu. Haikumpata mtu, ilivuka barabara ikaingia kwenye mihogo. Lakini risasi haizaliwi pekee. Wenzangu walitoka mbio, mmoja bado ana kijiko mkononi, wakaanza kupiga kuelekea mihogo. Na mimi nikarudisha sharjeri, nikapiga pamoja nao. Nilijua hakuna adui, na nikapiga. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kule kwenye chuma ilikuwa ujinga tu.

Kelele zilipokwisha, mihogo ikatikisika, akatoka mtu, mikono juu. Aliitwa Ngabu. Mkulima wa Djugu, alikuwa amekimbilia kambi ya wahamaji wa vita na mama yake, na siku ile alirudi kuchimba muhogo katika shamba lake mwenyewe kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Jembe tulilikuta chini. Komanda wetu hakuuliza kitu. Alikuwa ameshasema kwenye radio kwamba tumeshambuliwa, na sasa alihitaji mshambulizi. Wakampiga Ngabu kwa vitako vya bunduki mpaka mkono wake wa kuume ukavunjika, wakamfungia kibandani bila dawa. Gari lingekuja siku ya nne kumchukua. Na mtu anayepandishwa gari kwa jina la adui, mwanangu, harudi upesi. Wengine hawarudi.

Mimi? Nilinyamaza. Saa kumi ikapita, kichuguuni sikwenda.

Kesho yake mama yake akaja kwa miguu, na sahani ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, imefunikwa kwa kitenge. Unajua desturi yetu: anayemletea mfungwa chakula anammegea mlinzi kwanza, ndipo sahani ipite. Mlinzi wa kibanda siku zile alikuwa nani? Mimi. Yule mama alinimegea fungu kubwa, akanitazama usoni. "Kula, binti yangu. Na weye iko mutoto wa mutu."

Nikala.

Jioni alikuja tena, akamega tena. Akaniuliza, "Mutoto wangu aliwapiga na nini? Jembe inatoaka risasi?" Nikamwambia, "Mama, miye sijui. Uliza wakubwa." Wakubwa! Mimi ndiye niliyejua peke yangu katika poste nzima, na nikamtuma kwa wakubwa, mdomo ungali na mafuta ya sombe yake. Nilitafuta maneno ya kujitetea kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Nilijiambia, watamwachia. Nilijiambia, sikumvunja mkono mimi. Nililala vibaya, nikaamka vibaya, nikipita karibu na lile pipa nageuza uso. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini mimi nilificha langu, na kifo kilikuwa kinamtafuta mwingine.

Siku ya tatu, mchana, nilikuwa naosha ile sahani ili mama aikute safi. Akaja Papa Adjudant. Adjudant kilikuwa cheo chake, na tulimwita Papa kwa sababu alikuwa jeshini kabla wengine wetu hatujazaliwa, na ndiye aliyeita majina kila asubuhi. Alichuchumaa kando yangu, akatia mkono mfukoni, akaweka ganda la risasi juu ya jiwe.

"Neema, hii ni ya nani?"

"Papa, siye wote tulipiga."

"Wote walipiga pale mbele, kwa kizuizi. Hii niliiokota karibu na pipa. Nani alikuwa kwa pipa?"

Nikaendelea kusugua sahani.

"Kila asubuhi nikiita jina lako," akasema, "unapaza sauti kama jogoo: Présente! Ni kwa ajili ya posho ya mchele tu? Siku ya kosa jina pia linaitwa, mutoto. Siku tatu nakuita. Uko wapi?"

Nililia. Halafu machozi yakakauka ghafla, kwa maana nilisikia vizuri alichosema. "Siku tatu? Na weye, Papa, ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Na hii ganda iko kwa mufuko yako tu?"

"Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe. Nikikusema miye, utakuwa umekamatwa. Ukisema weye, utakuwa umesimama."

"Na Ngabu, Papa? Naye alikuwa anangoja?"

Wazee wetu wana maneno mazuri, mwanangu, nami neno lake lile la kusimama nimelitunza mpaka leo. Lakini swali langu aliliacha pale kwenye jiwe. Alilichukua ganda, akainuka kwa kushika magoti, akaenda zake. Nilimkasirikia. Kidogo bado namkasirikia.

Asubuhi ya siku ya nne tukapanga mstari. Papa Adjudant akaita majina. Lilipofika langu nikasema, "Présente," na sikuishia hapo. Nikasema, "Risasi ya kwanza ilikuwa yangu. Hakuna mutu aliyetushambulia. Nilivuta chuma mbele ya kutoa sharjeri. Yule baba alikuwa anachimba muhogo."

Mmoja nyuma akacheka, cheko la woga. Komanda akaja mpaka mbele ya pua yangu.

"Weye binti, unajua nimeshasema nini kwa radio?"

"Najua, Komanda."

"Unataka niitwe muongo?"

Kabla sijajibu, Papa Adjudant alifunga daftari la majina. Akatoka pale mbele, mahali pake pa ukubwa, akaja kusimama ndani ya mstari, bega lake na langu. Akaliita jina lake mwenyewe, lote, la baba na la babu. Akajiitikia, "Présent. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza. Muniandike na miye."

Komanda alitutazama wawili, akatazama mstari mzima uliosikia. Sijui ni aibu ama ni woga wa masikio mengi, lakini aliichukua radio, akasema hapakuwa na shambulio. Gari lilipofika halikumchukua Ngabu. Lilitupeleka sisi wawili Bunia. Mimi nilikaa kasho, kile kifungo cha jeshi, wiki kadhaa. Papa Adjudant walimvua cheo, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Lakini kabla ya kupanda gari nilimwona mama akimpokea mwanawe. Na mimi mjinga, mwanangu, nilingoja shukrani! Nilifikiri atanishika mkono. Alitazama ule mkono wa Ngabu uliovimba kama shina la mgomba, akanigeukia. "Ungesema ile siku ya kwanza," akasema, "angekuwa na mukono yake." Basi. Akachukua sahani niliyoiosha, akaipangusa tena kwa kitenge chake, ndani na nje, ndipo akaibeba.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwezi uliopita nilimwona Ngabu sokoni hapa Bunia, amebeba gunia kwa mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyenisalimu. Mimi ndiye niliyeshindwa kuinua macho.

Sasa nisikilize, maana maharagwe yameshaungua na huyu mgongoni ameamka. Uliuliza nani atamuuliza mtu wa tenue. Mimi nitamuuliza. Mama yako atamuuliza. Na ipo siku atakuja mama mwingine usiyemjua, na sahani mkononi, atakuuliza kwa sauti ya upole kabisa, na utatamani afadhali angekupiga kofi. Tenue haikosi, Trésor. Nguo haibonyezi kitu. Anayebonyeza ni mtoto wa dada yangu, na jina lake ninalijua.

Ukikosa, sema siku ile ile. Siku tatu za kunyamaza zilikuwa mkono wa mtu. Wenzako wakipiga na wewe unajua hakuna adui, shusha bunduki hata wakikuita mwoga. Woga mbaya ni ule niliokuwa nao mimi, wa kupiga ili nifanane na wengine. Na wakikupa cheo siku moja, usikae na kosa la mdogo wako mfukoni ukingoja akue, huku mtu asiye na hatia anavimba kibandani. Cheo chako kisiwatishe watu mpaka wakufiche ukweli. Na kama ukweli umekuponyoka, toka pale mbele, ingia kwenye mstari kama yule mzee. Ndiyo, wengi wanadanganya na wanapandishwa vyeo, tunawaona, wanapita hapa na magari yao vioo vimefungwa. Wanaoamka kila asubuhi na mkono uliovunjika ni wengine. Usiwe kama hao wa magari.

Sikukatazi kwenda. Nchi inahitaji askari, na sisi wa huku tunawahitaji kuliko wengine. Nenda. Ila pitia hapa kwanza ule, nitapika maharagwe mengine.

Mungu akutangulie barabarani na akurudishe mzima. Akupe mkono usio na haraka na ulimi usio na woga. Akina mama wa huko uendako wakiona tenue yako inakuja, wasifunge mlango. Na jina lako likiitwa, siku ya posho ama siku ya kosa, likukute umesimama.