Vitabu Vitatu Kwenye Jamvi la Kahawa

Mimi ni mtu wa hasira, nalisema mapema ili asiwepo wa kudai nilimdanganya. Hasira yangu ilikuwa na sababu moja. Nikiwa na miaka mitatu, mwaka uleule aliokufa baba, mama alinibeba kutoka kwetu Ijumbi mpaka Kashozi, akanikabidhi kwa bibi aliyemzaa yeye, akageuka akaondoka. Alinirudia nikiwa na miaka kumi. Katika miaka hiyo saba alikuwa akija kila Krismasi na mkungu wa ndizi, anakaa kwenye kizingiti, anauliza kama nakula vizuri, na kabla jua halijapinda ameshakwenda. Hakunipakata hata siku moja. Nikimkimbilia alinyoosha mkono kama anayezuia mbuzi, akasema, "Kaa hukohuko, nimechoka na njia."

Sasa nina miaka arobaini na mmoja, nashona nguo Kamachumu, nina vyerehani viwili na wateja wasiojua kusubiri. Swali la kwa nini aliniacha sikuwahi kumuuliza. Kwetu mzazi haulizwi hivyo, unameza. Nami nilimeza mpaka likawa donge, na kila nilipokwenda kumsalimia nilikwenda nalo na kurudi nalo.

Vitabu vilianza kwa ajali. Nilikuwa Bukoba mjini kununua zipu na nyuzi, mvua ikanishika nyuma ya soko, nikajibanza kwenye kibanda cha mzee mmoja Mwislamu anayeuza vitabu vilivyotumika. Nikawa nailaani mvua, na barabara, na aliyeniuzia zipu mbovu mwezi uliopita. Mzee akanitazama weee, kisha akanirushia kitabu kisicho na jalada.

"Binti, mvua haina masikio. Shika hicho usome, tupumzike wote."

Kilikuwa kitabu cha falsafa, kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Neno falsafa nililijua kama jambo la waseminari, mambo ya kujadili wakishashiba. Lakini katika kurasa za mwanzo mwandishi alikuwa anauliza swali dogo mno: mtu aliye mbele yangu akisema anaumia, nitajuaje kwamba anaumia kama ninavyoumia mimi? Na asiposema chochote, nitajuaje kwamba haumii?

Nywele zilinisimama. Sisemi kwa kupamba, nilijishika kichwa. Swali hilo lilikuwa langu! Nililiuliza nikiwa mtoto wa miaka mitano kwenye mkeka wa bibi, nikitazama paa: mama huko aliko anasikia chochote? Nikadhani ni wazimu wangu peke yangu. Kumbe kulikuwa na mwanaume wa nchi nyingine, aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa, amekaa na swali hilohilo, akaliandika mchana kweupe bila haya. Mvua ilikatika nami sikujua. Mzee ndiye aliyeniambia, "Sasa nunua au urudishe."

Nikaenda nacho Ijumbi. Ulikuwa msimu wa kahawa, na kila Jumamosi mchana mimi na mama tulikaa kwenye jamvi uani, tunachambua kahawa iliyokauka, tunatoa kokoto na punje mbovu. Kazi hiyo haihitaji maneno, na sisi maneno hatukuwa nayo. Siku ile sikuuweza ule ukimya. Nikaegemeza kitabu kwenye ungo nikaanza kumsomea, nikigeuza kwa Kihaya sentensi baada ya sentensi, maana mama hakusoma shule na Kiswahili chake ni cha sokoni.

Alisikiliza bila kuinua uso. Halafu akauliza, "Huyu alikuwa na mke?"

"Sijui, mama."

"Hakuwa naye. Na mtoto hakubeba. Aliyebeba mtoto mwenye homa mgongoni haulizi kama maumivu ya mwenzake yapo."

Nikaudhika, nikataka kufunga kitabu. Yeye akaendelea kuchambua, kisha mkono ukasimama na punje katikati ya vidole.

"Lakini waitu, jamani! Mtu mzima anakaa chini anauliza hivyo, na wenzake hawamfungi kamba? Angepita hapa ningempa akamwani." Akamwani ni ile kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni wa heshima, na mama haitoi ovyo. Kisha akasema, "Rudia pale."

Nikarudia mara tatu. Sikuwahi kumwona mama akishangaa hivyo, wala sikujua kwamba maneno ya kitabu yanaweza kumfikia mtu asiyeijua hata herufi moja.

Wiki mbili baadaye mzee akanipa riwaya. Ilimhusu mtu mmoja aliyemjengea mdogo wake nyumba. Mdogo aliondoka akiahidi kurudi, na kila mwaka kaka akaongeza chumba, akanunua mabati, akapaka chokaa, huku yeye mwenyewe akilala kwenye kibanda kinachovuja. Mdogo hakurudi. Kaka alikufa kibandani mwake, na nyumba ilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, imefungwa, safi.

Hapa nikafanya kosa. Kwetu anayesimulia hadithi huanza kwa kusema kwamba alikuja akaona, na wasikilizaji humjibu, "Ona nasi tuone." Mimi nikaanza hivyo kwa mazoea, mama akaitikia kwa mazoea. Katika hadithi za sungura haina neno, kila mtu anajua sungura hasemi. Lakini humu hamkuwa na sungura. Mlikuwa na mtu mwenye jina, mwenye mabati yaliyohesabiwa. Na kwa mama, kitabu ni Biblia na daftari la ubatizo, yaani kilichoandikwa kilitokea. Tulipofika mwisho alilia, akajifuta kwa pembe ya khanga, akaniuliza jina la yule kaka mara mbili. Nikamtajia. Nilidhani anataka kulikumbuka tu.

Jumapili iliyofuata tuko kanisani. Kabla ya misa msomaji akasimama kutaja nia za waamini: fulani anaombea mgonjwa, fulani anashukuru kwa mavuno, na mama yangu, kwa jina lake la ubatizo na jina la kitongoji chetu, anamwombea marehemu... Akalitaja. Jina la mtu wa kwenye riwaya, geni, limemkwama mdomoni, akalitaja tena ili lisikike vizuri. Yesu na Maria! Nikageuka. Mama amepiga magoti, amefumba macho, rozari mkononi. Parokia nzima ikaitikia kwamba Bwana amjalie pumziko la milele.

Nje nikalipuka. "Mama, umeniaibisha! Huyo mtu hayupo!"

"Najua hayupo. Amekufa."

"Hakufa! Hakuzaliwa! Ametungwa tu, kuna mtu alikaa akamtunga!"

Akashika njia ya nyumbani. Mimi nyuma yake nikawa nimeshaanza kujuta, maana wanawake wa jumuiya yake ya kanisa walikuwa wamenisikia nikimfokea. Tulipofika kwenye migomba yetu akasimama.

"Kwa hiyo mtu amekaa nyumbani kwake, amemtengeneza mwanaume bila mwanamke, akamjengea nyumba, akamuua, na mimi nikamlilia machozi haya."

"Ndiyo."

"Na Mungu anaruhusu?"

Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka kanisa lilivyoitikia. Watu mia tatu walikuwa wamemwombea kiumbe wa wino, kwa moyo wote, na sikuweza kuapa kwamba sala ile ilipotea. Mpaka leo siwezi. Tangu siku ile riwaya naishika kwa adabu.

Mama akasema, "Basi nenda kanitafutie aliyezaliwa. Anisimulie ya kwake mwenyewe."

Mzee wa vitabu nilipomweleza alicheka mpaka akavua kofia kujifutia machozi. Kisha akaacha kucheka. "Usimseme vibaya mama yako. Mimi kuna mmoja wa kwenye vitabu nimemsomea Fatiha, na mke wangu hajui." Akainama chini ya meza, akatoa kumbukumbu za maisha ya mwanamke mmoja, alizoziandika mwenyewe.

Kitabu hicho kilinishangaza kuliko vyote. Mwandishi hakuwa waziri, hakuwa mtawa, hakupigana vita yoyote. Alizaliwa katika nchi ya baridi, kwao walikuwa maskini, akaosha vyombo vya watu, akaolewa, akaachika. Basi. Na ameandika kurasa mia tatu! Ameandika jinsi mama yake alivyokuwa akikata mkate kwa hasira, na mimi niliyekula ndizi maisha yangu yote nikausikia ule mkate ukikatwa.

Mama akauliza, "Aliua mtu?"

"Hapana."

"Alitawala?"

"Wapi! Aliosha vyombo."

"Sasa kitabu kinamhusu nini?"

"Kinamhusu yeye."

Akaweka ungo chini. "Na mama yake, wakati anaandika, alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Ameyasema haya yote, mama yake akisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Lo!" alisema, akauinua tena ungo wake.

Lile neno "akisikia" ndilo lililonitia ujasiri, na ujasiri wenyewe ulikuwa wa mwoga. Jumamosi iliyofuata tukawa jamvini kama kawaida. Mwandishi alikuwa anaeleza siku yake ya kwanza shuleni. Macho nikayaacha kwenye ukurasa, lakini mdomo ukashika njia yake.

"Nilikuwa na miaka mitatu," nikasema kwa Kihaya, kwa sauti ileile ya kusoma. "Baba alikuwa amekufa. Mama alinibeba mgongoni, njia ilikuwa na matope, na blanketi lilikuwa limeungua pembeni. Akanipeleka kwa bibi yangu. Hakuniaga. Kila mwaka alikuja siku moja, akakaa mlangoni, nikimkimbilia ananizuia kwa mkono. Watoto wengine walikuwa na mama. Nilijiuliza nimemkosea nini. Nimezeeka najiuliza."

Nikafunua ukurasa, kwa kujifanya. Mikono ya mama iliendelea: punje, kokoto, punje. Halafu ikasimama. Nilijua amelijua lile blanketi. Nikangoja aninase kofi, au ainuke aniache hapo, aniache mara ya pili.

Hakuinuka. Alisema akiwa ameitazama kahawa, "Huyo mwandishi anaweza kuandikiwa barua?"

"Anaweza," nikasema.

"Basi mwandikie. Mwambie baba yake alikufa kwa ule ugonjwa. Yeye aliambiwa ni kifua, lakini ulikuwa ule. Wakati huo kule kwao nyumba zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine. Mume anatangulia, mke anafuata, watoto wanabaki kwenye migomba wanalia, hakuna wa kuwachukua. Mama yake alijua zamu yake imefika. Na watu walisema unaambukiza kwa jasho, unaambukiza kwa kikombe. Sasa amguse vipi mtoto?"

Ukimwi hakuutaja kwa jina, nami niliendelea kuitazama kahawa.

"Mwambie mama yake alifikiri hivi: mtoto akinizoea, siku nikifa atakufa na yeye. Afadhali azoee kukosa mama wakati mama bado anapumua, ili siku hiyo ikija asione tofauti. Alikuwa anamfundisha kuishi bila yeye. Hakuwa na kitu kingine cha kumwachia."

Kuku walipita katikati ya jamvi, na mama, ambaye huwatimua hata wakiwa mbali, hakuwatimua.

"Kila msimu wa kahawa alisema huu ndio wa mwisho. Akachuma, akaanika, hakufa. Akangoja tena. Mwaka wa saba nikachoka kungoja kufa, nikaenda kumchukua mwanangu. Nilipokuja kupimwa, miaka mingi baadaye, sikukutwa na kitu." Akavuta pumzi. "Na hili liandike, usilisahau. Zile Krismasi, akitoka pale mlangoni, hakuwa anakwenda mbali. Alikuwa anakaa nyuma ya migomba ya jirani, anamsikiliza mtoto anavyolia, mpaka anyamaze. Akishanyamaza, ndipo anashika njia."

Kitabu kikaniponyoka kikaanguka juu ya kahawa. Nililia kwa sauti, uani, mchana, majirani wakisikia, na mama yangu hakungoja ninyamaze, alinipakata.