Foleni ya Vitenge Ushirombo

Mama mkwe wangu hakunipenda, nami sikumpenda. Nalisema hili mapema ili msomaji asingoje mahali tutakapokumbatiana.

Mimi nilizaliwa Shinyanga mjini, binti wa Mwislamu aliyeuza vitambaa karibu na soko. Nilibatizwa ukubwani ili niolewe na kijana Mkatoliki wa Ushirombo, na baba yangu, ingawa alipokea ng'ombe wa mahari, tangu hapo hakuitikia tena shikamoo yangu. Kwa mama mkwe nilikuwa "Mswahili," na alipolitamka neno hilo alimaanisha mtu asiyejua kushika jembe, mwenye maneno mengi na mikono laini. Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, mbali na nyumbani, akawa anakuja mwisho wa mwezi akipata lifti. Siku nyingine zote tulibaki wawili, mimi na mama yake, na jiko moja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita vikiwa vimekwisha na maduka yakiwa matupu. Tulifua nguo kwa majani ya mpapai. Uji tuliunywa bila sukari mpaka watoto wadogo wakadhani ndivyo uji ulivyo. Kilichotia watu wazimu ni kwamba fedha zilikuwapo. Wakulima walikuwa wamelipwa pamba yao, na vijana waliochimba dhahabu upande wa Geita walikuwa wanarudi kwao wakiwa na noti zilizokunjwa ndani ya soksi. Lakini noti haivaliwi. Kitenge kilipatikana kwa mlanguzi tu, kwa bei ambayo mtu alisikia akaondoka bila kujibu. Duka la ushirika likipata mzigo liliuza kwa bei ya serikali, kwa hiyo mzigo ukifika, vijiji vyote vilihamia pale.

Zikiwa zimebaki siku chache kufika Krismasi, lori lilishusha marobota ya vitenge na magunia ya sukari. Habari ilifika kwetu kabla vumbi la lori halijatua. Mama mkwe alisimama mlangoni kwangu, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana.

"Twende," akaniambia.

"Mama, mimi naumwa mgongo tangu jana."

"Mgongo utauma hata ukikaa. Kila mtu anapewa kipande kimoja. Tukienda wawili tunapata viwili."

Sikuuliza cha pili kingekuwa cha nani. Nilijua kingewekwa sandukuni mwake.

Duka lenyewe lilikuwa nyumba ya zamani ya mfanyabiashara wa Kihindi aliyekwisha kuondoka: baraza la saruji lenye ngazi, mlango wa mbao wa kukunja, na dirisha moja lenye nondo. Tulipofika foleni ilikuwa imezunguka nyumba na kutokea barabarani. Wengine hawakuwapo wenyewe. Waliweka mawe, ndala na makopo kushika nafasi, wakaenda kukaa kivulini. Mama mkwe aliliangalia jiwe moja, akalisogeza kwa kidole cha mguu, akasimama mahali pake.

"Hilo jiwe lina mwenyewe," akasema mwanamke aliyekuwa mbele yetu. Alikuwa mnene kidogo, amejitanda kanga iliyopauka, amebeba kikapu kitupu.

"Mwenyewe akija aniambie," mama mkwe akajibu.

"Ndiyo nyinyi mnaoharibu foleni."

"Na wewe umetumwa kuilinda?"

Wakaendelea hivyo, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, mpaka jua likawa kali na wote wawili wakachoka. Baadaye mwanamke yule alinigeukia mimi, akaniuliza natokea wapi. Nilipomwambia mjini, akacheka kwa dharau na kusema watu wa mjini wamezoea kupata kila kitu, leo nitajionea. Nilimchukia palepale. Ninalisema jambo hili kwa sababu baadaye nilijaribu kumkumbuka kama mtu mwema, nikashindwa.

Mlango haukufunguliwa. Tulisikia sauti za watu ndani wakicheka na kuburuta vitu. Mgambo wawili wenye fimbo walisimama barazani wakitupigia kelele turudi nyuma, na sisi tukiwatukana. Kisha likaja lori dogo kutoka barabara ya Geita, likashusha vijana wachimbaji, wenye viatu vya ngozi na vifua wazi. Hawakutafuta mwisho wa foleni. Walikwenda moja kwa moja kwenye ngazi wakasimama pale, mikono kiunoni, kama wenye nyumba.

"Nyie, foleni iko huku!" watu wakapiga kelele.

"Foleni ni ya wasio na hela," mmoja akajibu, wenzake wakacheka.

Hapo ndipo jirani yetu alipotokea upande wa nyuma ya duka akikimbia. Ninamwita jirani kwa sababu shamba lake lilipakana na letu, na jembe letu lilikaa kwake zaidi kuliko kwetu. Alipunga mikono juu akapaza sauti:

"Wanatoa mzigo mlango wa nyuma! Wakubwa wanagawana! Vitenge vinakwisha!"

Kama ni kweli, sijui mpaka leo. Hakuna aliyekwenda nyuma kutazama. Watu wote walikwenda mbele.

Sikuwahi kujua kwamba umati una uzito. Nilidhani kusukumwa ni bega la huyu na kiwiko cha yule. Uzito huu ulikuja kutoka nyuma kwa mkupuo mmoja, kama ukuta unaotembea, na miguu yangu ikaacha ardhi. Nilipandishwa ngazi bila kupiga hatua. Mgambo mmoja alianza kuchapa fimbo ovyo, na waliochapwa wakarudi nyuma huku walio nyuma wakizidi kuja, na katikati ya hao na hao tulikuwa sisi. Mlango wa mbao ulitoa mlio, ukapinda, ukafunguka upande mmoja tu, kipenyo cha mtu mmoja. Kila mtu akataka kuwa huyo mmoja.

Nilitaka kupiga kelele nikagundua kifua hakipanuki. Pumzi nilizotoa hazikurudi. Karibu na uso wangu kulikuwa na shingo ya mchimbaji, inatoka jasho, na alikuwa anatabasamu. Nadhani mwanzoni kwake ulikuwa mchezo. Halafu kanga yangu ikakanyagwa na mtu, ikanivuta chini. Nikaanguka kiubavu, chini ya dirisha la nondo.

Kutoka chini, watu hawana sura. Niliona visigino, pindo za nguo, ndala moja isiyo na mwenyewe. Mguu ulinikanyaga mkono. Mwingine ukanikanyaga paja, ukakaa hapo, ukakandamiza, maana mwenye mguu alikuwa amenifanya ngazi ya kulifikia dirisha. Nikainua macho nikamwona. Alikuwa jirani yetu. Naye aliniona, kwa sababu alinitazama usoni, kisha akageuza macho akanyoosha mkono kupitia nondo na fedha zake.

Ghafla akatoweka, amevutwa shati kutoka nyuma. Mama mkwe alikuwa amefika. Alisimama juu yangu, mguu mmoja huku na mwingine kule, akashika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili, akaupa umati mgongo. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyezoea kubeba kuni na kugombana, na vyote viwili alivitumia siku ile. Alipiga mateke. Alimng'ata mtu mkono, nikamsikia mtu huyo akilia. Alipiga kelele kwa Kisukuma, "Lekagi! Lekagi!", yaani acheni, na alipoona hawaachi akawatukana mama zao mmoja mmoja.

"Inuka!" akaniambia.

"Siwezi, Mama."

"Inuka, mjinga wewe! Nitakuacha!"

Hakuniacha. Umati ulikuja mara nyingine, mzito kuliko wa kwanza, na juu yangu nikasikia kitu kikivunjika kama kijiti kikavu. Yeye mwenyewe hakulia. Alivuta pumzi tu. Mkono wa kulia uliachia nondo, wa kushoto ukabaki.

Sijui ilichukua muda gani. Mgambo walimwaga maji, mtu akapiga filimbi, na watu waliokuwa nyuma wakaanza kutawanyika kwa sababu hawaoni faida. Nilitambaa mpaka ukingo wa baraza nikatapika. Mama mkwe alikaa chini kando yangu, bega limeshuka na mfupa wa karibu na shingo umesimama chini ya ngozi. Pale mlangoni walikuwa wanamtoa yule mwanamke mwenye kikapu. Alikuwa amebanwa kwenye ubao uliopinda. Walimlaza kivulini, wakampepea, wakamwita kwa jina la mwanawe, wakampepea tena. Kisha mmoja wao akaacha kupepea.

Walimfunika kwa kanga yake wakampeleka kwa baiskeli yenye mkokoteni. Na baada ya hapo, wallahi, mlango ukafunguliwa vizuri, msimamizi wa duka akatoka akapanga watu upya, na foleni ikaanza kusogea. Watu walijipanga. Waliokuwa wamekanyaga watu walisimama wapole, fedha mkononi, wakiulizana kama rangi ya bluu bado ipo.

Nilifunga mkono wa mama mkwe kwa kanga yangu. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Twende zahanati," nikasema.

Alitikisa kichwa kuelekea dukani. "Nenda kwenye foleni."

"Nini?"

"Sasa ni shwari. Nenda kachukue. Mimi nitakaa hapa."

"Mama, mtu amekufa pale."

"Nimeona. Kwani usipochukua atafufuka?"

Nikamwambia siendi. Akaniambia ananiamuru. Nikamwambia hata akiniamuru, na hata mwanawe akija kuniamuru, mimi kwenye ule mlango siendi. Alinitukana njia nzima mpaka zahanati, huku meno yake yakigongana kwa maumivu. Mganga alipokuwa anamfunga nilimuuliza kwa nini alisimama juu yangu, kama kweli ananiona mtu wa bure kiasi hicho.

Aliniangalia kama vile nimeuliza swali la kitoto. "Unajua ng'ombe waliotoka kwetu kwenda kwa baba yako? Nikuache ukanyagwe, halafu tuanze kutafuta ng'ombe wengine?"

Mganga akacheka. Mimi sikucheka.

Mume wangu alikuja mkesha wa Krismasi akamkuta mama yake amefungwa bandeji. Kabla hajatua mfuko wake, mama akamwambia, "Mke wako amenirudisha na mfupa uliovunjika na bila kitenge." Nilieleza yote, na la jirani pia. Mume wangu akasema tu kwamba siku ile watu wote hawakuwa na akili. Nilimwambia kwamba mtu aliyenitazama usoni alikuwa na akili zake zote.

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa vitenge vya robota moja, vyenye michoro ya majani yaleyale, vingine bluu, vingine kijani, kila ukigeuka. Padre alisoma jina la marehemu katika maombi, na wanawake wakainamisha vichwa vyao vilivyofungwa vitambaa vipya. Nilimwangalia kila mmoja, nikijiuliza nani alikuwa wapi. Walipotunyooshea mikono kututakia amani, mama mkwe aliuficha mkono wake mzima ndani ya kanga yake kuukuu. Nami nikauficha wangu. Ndiyo mara pekee tuliyokubaliana jambo.

Mchana jirani akaja. Alivaa shati jipya, ameshika kitu kilichofungwa kwa gazeti. Hakuniangalia.

"Shikamoo, Mama. Nimekuletea zawadi. Nilibahatika kupata viwili."

Mama mkwe hakuitikia. Alikifungua kwa mkono wa kushoto, kitenge cha kijani, akakinusa, akakivuta kuona kama nyuzi ni imara. Nilingoja akitupe motoni. Nilimwomba Mungu akitupe.

Akakikunja, akakiweka chini ya paja lake.

"Jembe letu ulirudishe kesho," akamwambia. "Na leo hapa hakuna chakula chako."

Harufu ya wali na kuku ilikuwa imejaa uani. Jirani alisimama kidogo, akacheka cheko kavu, akaondoka.

"Umekipokea, Mama?" nikamuuliza. "Kutoka kwa yule?"

"Hiki ni changu. Nimekilipia kwa mfupa." Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe ungependa nibaki uchi ili moyo wako ufurahi."

Alikivaa mpaka kikapauka. Hakuniazima hata siku moja, wala mimi sikumwomba. Mfupa uliunga vibaya, na mkono wake wa kulia haukupanda tena kupita bega. Msimu ule wa kupanda alilima kwa mkono mmoja, jembe amelibana kwapani, akikataa nimsaidie. Nililima mstari wa pembeni yake. Kila tulipofika mwisho wa shamba aligeuka, akaangalia kazi yangu, akasema nimepindisha mstari.