Pengo Dogo kwenye Saa ya Babu

Krii, krii, krii. Mpaka leo naisikia kichwani ile tupa ikikwaruza shaba. Jamani, nimekosa. Sitafuti wa kunitetea, nataka tu nilitoe hili moyoni.

Niliishia kidato cha nne, nauza kava za simu kwenye korido moja hapa Kariakoo. Meza ya pembeni yangu ilikuwa ya fundi saa. Jina lake silitaji, sote tulimwita Babu Saa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mbunifu wangu. Leo umeota nini?"

Maana mimi kwa kuota, we acha tu! Ndoto kubwa ilikuwa kuchora vitu kwa kompyuta, vile unavyovizungusha ukaviona pande zote. Nilijifunza kwa video za mtandaoni, kwenye kompyuta ya mtumba inayochemka kama pasi.

Babu naye alikuwa na lake. Wabeba mizigo walimletea kila siku saa zilizopasuka vioo, zimegongwa na mikokoteni. Akachoka. Akaanza kuchonga kasha la saa la kwake mwenyewe kwa tupa, miezi na miezi. Ukingo aliuinua uzidi kioo, na kile kifungo cha kurekebishia majira akakificha katikati ya mabega mawili ya shaba. Unaigonga ukutani, inatembea tu!

Siku moja nikamtania. "Babu, hii saa ngumu kuliko moyo wa mwenye nyumba wangu."

Akacheka, tupa ikateleza, ukingo ukapata pengo dogo.

"Umeniharibia kazi, mtundu wewe!"

Nikamwambia alisawazishe. "Liache," akasema. "Hilo ni lako."

Ilipokamilika akanipa niipime, niichore. Wiki tatu nzima. Nilichora kila kona, hata lile pengo, kwa mapenzi kabisa. Picha nikaiweka kwenye simu watu waione.

Akaja tajiri mmoja anayeagiza saa kutoka nje. Babu alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, miwani yake iko mezani.

"Nani kabuni hii?" akauliza, kaikazia macho ile picha.

"Mimi."

Neno moja! Hakuna aliyenishikia kisu! Nilitaka tu niitwe mbunifu na mtu mwingine zaidi ya Babu. Mchoro wote nikamtumia palepale. Babu aliporudi akauliza, "Nani yule?" Nikamjibu, "Mteja wa kava."

Miezi ikapita. Saa za yule tajiri zikaingia, machinga wakawa wanazitembeza mtaa mzima. Mbeba mizigo mmoja akamletea Babu saa yake mpya, apunguziwe mkanda.

"Ngumu hii, Babu! Mbona kama ile yako?"

Kidole gumba cha Babu kilipita juu ya ukingo, kikafika kwenye pengo, kikasimama. Kumbe zote zilikuwa nalo.

Akaniangalia. "Umepima vizuri, binti."

Binti. Bora angenitukana!

Nilimwomba radhi. "Nimekusamehe," akasema, huku anafungua saa ya mtu. Wiki ile ile akahamishia meza yake mwisho wa korido. Namwamkia, ananiitikia marahaba, basi. Haniulizi nimeota nini. Na tupa sijaisikia tena.

Ajabu ni kwamba sikulia. Mpaka leo silii. Nauza kava, nakula, nalala. Niko kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako ila huusikii.

Wewe unayejifunza kuchora kwa kompyuta, nisikilize mwenzio. Kupima kitu cha mtu si kukibuni! Ukiulizwa ni kazi ya nani, na mwenyewe yuko msikitini, mwambie mgeni akae asubiri. Dakika chache tu, jamani! Kiti chenyewe kilikuwa wazi.

Jana tulipofunga nilibaki peke yangu. Nikaufungua ule mchoro, nikaenda pale panapokaa jina la mbunifu. Nikafuta langu, nikaandika la Babu, lake na la baba yake.

Pengo sikuligusa.