Mwalimu Asiyewapa Watoto Kisogo

Kila mwaka Mejumaa Chirau alizidi kuwa mzito wa kusikia, na kila mwaka alizidi kuwa hodari wa kuficha. Alikuwa mwalimu wa gredi ya nne katika shule moja ya msingi kule Mbaraki. Alijifunza kusoma midomo, na darasani akaweka sharti: mwenye swali aje mbele, amtazame mwalimu usoni, ndipo aulize. Wazazi walimsifu kwa kulea watoto wenye adabu. Aliyejua ukweli ni dadake Sidi tu.

Kisha mwalimu mkuu, Musyoka, akawaambia walimu kwamba mhadhiri wa chuo kikuu, Dakta Nasipwondi, angekuja kukaa madarasani. Alikuwa akichunguza namna walimu wanavyoyapokea maswali ya watoto, maana mtaala mpya unataka mtoto aulize, si akariri tu. Mejumaa alilisoma neno "maswali" midomoni mwa Musyoka, na jioni akamweleza Sidi. Sidi alimshauri asingizie homa. Akakataa, kwani mgeni angerudi siku nyingine, na hofu ile ile ingemngoja.

Siku ilipofika, Nasipwondi aliketi kando ya dirisha. Mejumaa alifundisha, asithubutu kuwapa watoto kisogo. Lakini hesabu haziandikwi hewani. Aligeukia ubao, akaandika upesi, akatupa jicho nyuma. Cynthia, msichana wa dawati la mwisho, alikuwa amesimama, anamalizia neno ambalo Mejumaa hakuliwahi.

"Vizuri sana," Mejumaa akasema, akarudi ubaoni.

Mara akahisi sakafu ikitikisika kwa vishindo. Alipogeuka, watoto walikuwa wamepanda juu ya viti. Nasipwondi alikuwa amepiga magoti, amemlaza mwanafunzi mmoja, Jaffar, ubavu, na mwili wa mtoto ulikuwa ukitetemeka wote. Cynthia alikuwa amesema, "Mwalimu, Jaffar ameanguka."

Jaffar alizindukana, akapelekwa hospitali. Mejumaa alikaa kitini. Alichokiogopa miaka yote kilikuwa kufukuzwa kazi. Sasa aliogopa jambo jingine kabisa: mtoto kufa nyuma yake, naye asisikie.

Watoto walipotoka, Nasipwondi, aliyekuwa amekwisha kuelewa kwamba mwalimu hasikii, aliketi mbele yake, akasema polepole ili midomo yake isomeke. Alimkumbusha kwamba katika utafiti wake aliahidi kutomtaja mwalimu yeyote kwa mkubwa wake.

"Lakini ahadi ile haifuniki usalama wa mtoto," akasema. "Lazima Mwalimu Musyoka ajue. Ningependa ajue kutoka kwako."

Mejumaa akaenda ofisini. Alipokwisha kueleza, Musyoka aligeukia dirisha, akazungumza kwa muda mrefu. Mejumaa aliona mabega yake tu. Hakujua kama anafukuzwa ama anahurumiwa.

"Mwalimu, nigeukie," akasema Mejumaa. "Sisikii."

Musyoka akageuka. Alikuwa na hasira, wala hakuificha. Akamwambia apumzike, akapimwe masikio, na akirudi, arudi na kifaa cha kusikilizia na mwalimu wa pili darasani.

Kabla ya kurudi, Mejumaa alikwenda soko la Marikiti kwa Mwanakuu, mamake Jaffar, aliyeuza ndimu na pilipili. Kifaa kilikuwa kipya sikioni. Makelele ya wapagazi yalimshtua kila hatua. Alimweleza yote, akaomba radhi. Mwanakuu akampimia mteja ndimu, kisha akamtazama Mejumaa.

"Mtoto amepona, alhamdulillahi. Ila kila asubuhi akitoka, mimi nitakuwa na hofu."

"Hata mimi, dada," akasema Mejumaa.