Wimbo Niliopiga Bila Jino

Jino langu la mbele lilianza kutikisika katika miaka ile tuliyokuwa tukipiga muziki mchana tu. Usalama ulikuwa mdogo, na kabla ya giza kila mtu Gisenyi, upande wa Rwanda wa mpaka na Goma, alikuwa ameshaingia ndani. Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne, wote tuliorudi kutoka Kongo, na Jumapili baada ya misa tulipiga katika baa moja ya Rubona, kando ya ziwa. Mimi nilipiga saksafoni. Watu walinisifu kwamba napiga sawa kabisa na kaseti, nami nilijivuna, kwa maana kaseti hizo nilikuwa nimezisikiliza mpaka utepe ukachakaa.

Asiyepiga saksafoni hajui kazi ya jino la juu. Ndilo linaloegemea pale pa kupulizia na kupakamata. Muuguzi wa zahanati alipoling'oa, nilijaribu kupiga nyumbani, ikatoka sauti ya kuyumba, upepo mtupu. Na Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa anaolewa binti wa shemeji yangu, yaani binti wa dada mkubwa wa mke wangu. Shemeji huyo alikuwa akivusha viazi vya Bugeshi mpakani kwenda kuviuza Goma.

Kukataa kupiga harusini sikuweza. Nilifunika meno ya juu kwa mdomo, kama kibogoyo anayenyonya chungwa, nikapiga polepole. Mbwembwe zote za kaseti zilinishinda. Bibi harusi alipokuwa akiingia, wimbo tuliofanyia mazoezi ulinikatikia, nikaendelea na chochote pumzi ilichoruhusu: noti chache, kimya, noti nyingine. Mpiga gitaa alinikodolea macho, kisha akanifuata.

Baadaye shemeji alinijia na sahani ya wali mkononi.

"Shemeji, ile wimbo ya kuingiza bibi-arusi ni ya nani?"

"Mi sijui."

"Aah, unanificha. Uliitoa kwa kaseti gani?"

"Hakuna kaseti. Ilitoka tu."

Alinikabidhi sahani. "Bon, sawa. Ile iko muzuri. Zingine zako zote nazisikiaga kwa redio."

Maneno yale yalinikaa. Kama siku zote nilikuwa napiga ya watu, je, furaha niliyoipata nikipiga ilikuwa ya nani? Nilimuuliza mpiga gitaa. Akacheka: "We uliumwa jino, sasa unaumwa kichwa." Lakini nilitaka kujua kweli. Kila asubuhi, mke wangu akiosha vyombo uani, nilijaribu kuurudia wimbo ule, nao haukurudi. Fundi wa meno wa Goma akanitengenezea jino la bandia, na mbwembwe zikarejea zote, safi. Nikalichomoa jino ili niipate sauti ya harusini. Ikaja sauti ya mtu anayejifanya hana jino. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kama niko mzima.

Siku moja shemeji alipita kwetu akitoka mpakani. Alikaa uani, akavua viatu, akawa anaimba chini chini, mdomo umefungwa. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Ulikuwa wimbo wangu.

"Shemeji, bado unaikumbuka?"

"Tunaiimbaga na wenzangu tukingoja kuvuka."

Nilichukua saksafoni, nikamfuata taratibu. Mahali fulani alinyamaza, nami nikapajaza kwa noti mbili tatu. Akanisimamisha kwa mkono.

"Hapana. Hapo ulinyamaza."

"Hapo pumzi iliniishia, shemeji."

"Basi iishe tena."

Tulianza upya. Mwisho wa wimbo ulipanda juu, ilhali mimi nadhani nilikuwa nimeshuka. Sijui ni yeye aliyeugeuza au ni wenzake kwenye foleni. Sikubishana. Niliujifunza kama alivyouimba, na nilipokosea alirudia bila kuchoka, huku akisugua miguu yake iliyojaa vumbi.

Jumapili iliyofuata tuliupiga Rubona, jino la bandia likiwa mahali pake. Wachache waligeuza vichwa, wengi waliendelea kula vidagaa vyao vya sambaza. Mzee mmoja alipaza sauti akitaka ule wa kwenye kaseti, alioupenda siku zote. Tukampigia. Nilishangaa kwamba na huo pia niliupiga kwa moyo wote.