Gauni kwanza, kilemba baadaye: fundi wa Bwera na duru ya kumi

Mkasi uko mkononi lakini haukati. Ni siku ya soko, jua limeshapanda, na kibanda cha Blandine Kavira mjini Bwera, Uganda, kimejaa wateja waliovuka mpaka kutoka Kongo. Mwenye kitambaa amesimama mlangoni na mguu wake hautulii. Anataka gauni kabla ya misa ya Jumapili. Kavira ametandaza kikwembe, kama wanavyoita kitenge huku, juu ya meza. Anakigeuza. Anapitisha kiganja toka pindo hadi pindo.

"Mutu iko na haraka, lakini nguo haiko na haraka," anasema bila kuinua macho.

Wanaomfahamu hucheka. Ndivyo anavyokaa mbele ya karata pia, na ndivyo alivyokaa mjini Kasese mwezi uliopita, sisi watazamaji roho juu, hadi jirani yangu akaninong'oneza kwamba huenda mama wa watu amesinzia.

Hakusinzia. Fundi huyu wa cherehani, mama wa watoto watatu, ni mchezaji wa briji, na siku ile alikuwa na jambo zito kuliko kikombe. Alikuwa anajaribu kumbakiza rafiki yake.

Kwa asiyejua: briji ni ya watu wanne, wawili dhidi ya wawili, wenzi wakitazamana. Kila mmoja hushika karata kumi na tatu. Kila mmoja akitupa karata moja, hizo nne ni duru, na mwenye kubwa ndiye anayeila. Kabla ya kuanza, watu hunadi: upande mmoja huahidi utakula duru ngapi. Kisha mmoja wa walioahidi hulaza karata zake zote mezani, wazi, na kufunga mdomo. Mwenzake huchezesha mikono yote miwili. Ukitimiza ahadi, umepona. Ukila duru moja zaidi, hiyo ni nyongeza, na nyongeza imewatenganisha watu wengi waliokuwa wakila sahani moja.

Kavira alijifunzia Butembo, Kongo, kwa Padre Ephraïm, mzee ambaye yeye alimshonea kanzu. Padre alikuwa na wachezaji wawili na alikosa wa nne, basi akamwita fundi wake. Vita vilipomfukuza kwao, Kavira alifika Bwera na watoto, pasi ya mkaa na pakiti moja ya karata.

Aliyempokea ni Tabisa, mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Rwenzori, Mkonzo kama yeye ila wa upande huu wa mpaka. Alimpa chumba, akampa maharage, na jioni za mvua Kavira akamfundisha mchezo. Mpaka leo Tabisa humwita Mama Sophie, kwa jina la bintiye wa kwanza. Wawili hao wakajiunga na klabu ndogo ya walimu, wauguzi na wachuuzi wa samaki inayokutana Kasese.

Mwaka jana, katika mchezo wa mwisho wa mashindano ya klabu, walihitaji duru tisa tu. Tisa zilikuwepo, wazi kama mchana. Kavira akaikimbilia ya kumi mapema, karata ikaangukia kwa mpinzani asiyemtarajia, na wapinzani wakala mfululizo. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Ahadi ikavunjika.

"Nilikata kilemba mbele ya gauni," Kavira anasema. "Fundi wa kwetu anajua hiyo kosa. Kikwembe ni kizuri, unawaza kilemba kikubwa cha mama kwenda nacho kanisani, unakata. Halafu mikono ya gauni haitoshi."

Tabisa hakugomba. Alifanya kibaya zaidi: walipofika Bwera akasema atacheza naye mwaka mmoja tu. Akirudia kosa, yeye atakwenda kukaa mezani na wifi yake. Kwa mtu aliyefika ugenini na kupata dada mmoja tu, hilo si neno la mchezo. Kavira anakiri kwamba alilia, tena mchana, cherehani ikienda.

Basi fikiria mwezi uliopita. Mchezo wa mwisho tena, ahadi ya duru tisa tena, bila turufu. Upande wa kushoto wa Kavira ameketi Syahuka, mwalimu mstaafu. Kulia ni Kosmasi, muuza samaki wa Kasenyi. Tabisa analaza karata zake mezani. Sheria inamfunga mdomo, basi anainuka, anakwenda dirishani, anawapa mgongo.

Kavira anahesabu. Tisa zipo. Ya kumi ingetoka kwenye kopa, lakini malkia wa kopa ameshikwa na mpinzani, haijulikani yupi. Akiwa kwa Syahuka, anayetupa kabla ya mkono wa Tabisa, ananaswa. Akiwa kwa Kosmasi, mtego unageuka, pau zao zinamiminika, na ni mwaka jana upya.

Safari hii hagusi kopa mapema. Anakula ree ya pau, karata iliyo kubwa kuliko zote, anakula uru zote nne, anakula shupaza mbili kubwa, polepole, na kila mara anatazama wapinzani wanatupa nini. Kwenye uru, Kosmasi anaishiwa na kuanza kutupa nyingine: kopa ndogo, kisha kopa ndogo tena. Kavira anaweka mfalme wa kopa. Hiyo ni ya nane. Kosmasi anatupa shupaza.

Hana kopa hata moja. Basi malkia yuko kwa Syahuka. Hakuna pengine pa kujificha. Kavira anaongoza kopa ndogo, Syahuka anaweka ndogo, na kutoka kwenye mkono wa Tabisa anaita ghulamu, aliye chini ya malkia tu. Inakula. Ree inafuata. Kumi.

Syahuka aliweka karata chini, akacheka, akampa mkono. Baadaye tuliambiwa kwamba jozi ya Muhokya, waliokuwa wamelingana nao, walicheza karata zilezile kwenye meza nyingine na kuishia tisa, hivyo nyongeza ile ndiyo iliyoleta kikombe. Sijui kama Kavira alisikia. Alikuwa akimtazama Tabisa dirishani, na mabega yake mwenyewe, yaliyopanda tangu asubuhi, yalishuka. Mimi mwenyewe nilishusha pumzi, na sikuwa na ndugu mezani.

Desemba wanakwenda Kampala kucheza na klabu nyingine. Tabisa ameshuka na kikapu cha maharage na kuketi kibandani, kwenye kiti kinachomkabili fundi. Namuuliza habari za wifi. Anasema wifi yake ni mtu mzuri sana, ila atafute mwenzake.

Mkasi umeanza kukata. Gauni la mteja limetimia, mikono yote miwili, na pembeni kimebaki kipande kirefu kinachotosha kilemba. Kavira anasema nguo za Kampala atazishona hivihivi: magauni mawili kwanza, vilemba wataviona kama kikwembe kitabaki.

"Na kisipobaki," Tabisa anamwambia, "tutaenda vichwa wazi, Mama Sophie. Mimi nitakaa mbele yako tu."